Dorothy Hodgkin: Maabara ya Oxford iliyogawana sifa

MNAMO Novemba 1969 jarida la kisayansi la Nature, ambalo huchapishwa jijini London, lilitoa makala yaliyoeleza kwa mara ya kwanza jinsi molekuli ya insulini ilivyojengeka. Makala hayo yalikuwa na waandishi kumi. Mwanakemia aliyeianzisha kazi hiyo miaka 34 awali, akaitafutia fedha na watu, na ambaye kufikia wakati huo alikuwa amekwisha kutuzwa Nobel, alikuwa wa nane katika orodha.

Huyo alikuwa Dorothy Crowfoot Hodgkin wa Chuo Kikuu cha Oxford nchini Uingereza. Aliyetangulia kabisa katika orodha hiyo, Margaret Adams, alikuwa mwanafunzi wake.

Kwa asiye wa taaluma hiyo jambo hili huenda likaonekana dogo. Kwa wanasayansi si dogo hata kidogo. Mahali jina linapokaa katika orodha ya waandishi hutazamwa wakati wa kuajiri, wakati wa kupandisha vyeo na wakati wa kugawa fedha za utafiti. Wapo wakuu wa maabara ambao hawakuwahi kugusa chombo kwa miaka mingi lakini majina yao hayakosi mahali pa heshima. Mpangilio wa majina ya mwaka wa 1969 basi unaeleza tabia ya kundi la Oxford kuliko hotuba nyingi zilizotolewa baadaye kulisifu.

Cairo, Khartoum na Beccles

Dorothy Mary Crowfoot alizaliwa jijini Cairo, Misri, Mei 12, 1910. Babake, John Crowfoot, alikuwa afisa wa elimu, kwanza Misri kisha Sudan, na baadaye akawa mwanaakiolojia. Mamake, Grace, ambaye jamaa walimwita Molly, alijielimisha mwenyewe hadi akawa bingwa wa nguo na ufumaji wa kale, na akaandika kitabu kuhusu mimea ya Sudan. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka wa 1914, watoto waliachwa Uingereza mikononi mwa yaya na jamaa, nao wazazi wakarudi kazini Afrika. Kwa miaka mingi ya utoto wake Dorothy aliwaona wazazi wake kwa nadra.

Alipokuwa na umri wa miaka 13 alipelekwa Khartoum kuwatembelea. Huko alikutana na Dkt A. F. Joseph, mwanakemia wa udongo, rafiki wa familia. Msichana huyo aliokota madini meusi katika kijito akataka kujua ni nini. Badala ya kumpa jibu, Dkt Joseph alimsaidia kuyapima mpaka akagundua mwenyewe kwamba yalikuwa na chuma na titani. Kisha akampa sanduku la kemikali aende nalo nyumbani.

Shuleni mwake, katika mji wa Beccles mashariki mwa Uingereza, kemia lilikuwa somo la wavulana. Yeye na msichana mwenzake mmoja waliruhusiwa kujiunga na darasa hilo. Alijiunga na Chuo cha Somerville, Oxford, mwaka wa 1928, baada ya kukaa kwa muda na wazazi wake Jerash, ng'ambo ya Mto Jordan, akichora sakafu za nakshi za makanisa ya kale yaliyokuwa yakifukuliwa. Michoro ile ya vipande vinavyojirudia kwa mpangilio ilikuwa mazoezi mazuri kwa mtu ambaye angeishi kwa kusoma mpangilio wa atomu.

Kivuli na kinyago

Fani aliyoichagua yafaa kuelezwa kidogo, maana bila hiyo haieleweki kwa nini kazi moja ilichukua miaka 34.

Molekuli ni ndogo mno kiasi kwamba darubini ya kawaida haiwezi kuionyesha. Lakini kitu kikigeuka fuwele, kama chumvi au sukari, molekuli zake hujipanga safu kwa safu, zote kwa namna moja. Eksirei zikipitishwa katika fuwele hiyo hutawanyika na kuacha madoa mengi kwenye filamu. Mtafiti hupima ukali wa kila doa, mojamoja, kisha hutumia hesabu kurudi nyuma hadi kwenye umbo lililoyasababisha. Ni mithili ya mtu anayetaka kujua umbo la kinyago ambacho hawezi kukiona, akiwa na vivuli vyake tu vilivyoanguka ukutani kutoka pande mbalimbali.

Tatizo ni kwamba filamu huonyesha nguvu ya kila wimbi lakini haionyeshi mawimbi yalivyopishana, na bila habari hiyo hesabu haikamiliki. Njia mojawapo ya kulikwepa tatizo ni kupata fuwele iliyo na atomu nzito, ya madini fulani, ambayo huonekana upesi na kuwa alama ya kupimia nyingine zote. Katika miaka ya 1930 hesabu hizo zilifanywa kwa penseli na karatasi. Molekuli yenye atomu chache ilichukua miezi.

Dorothy aliijifunza kazi hii vyema Cambridge, kati ya 1932 na 1934, chini ya J. D. Bernal. Mwaka wa 1934 wawili hao walipiga picha ya kwanza ya maana ya eksirei ya protini, yaani pepsini, kwa kuiacha fuwele ikiwa ndani ya maji yake badala ya kuikausha. Cambridge alipata pia jambo jingine. Bernal, ambaye alikuwa mkomunisti asiyeficha itikadi zake, hakubagua wanawake katika maabara yake. Kila siku mmoja wa watafiti alikwenda kununua mkate, matunda na jibini sokoni, mwingine akapika kahawa kwenye jiko la gesi, kisha wote wakala pamoja wakijadiliana kila kitu kuanzia kemia hadi mapinduzi.

Chumba chini ya makumbusho

Aliporudi Oxford mwaka wa 1934 alikuta hali tofauti. Chama cha wanakemia cha chuo hakikuwaruhusu wanawake kuhudhuria mikutano yake. Chumba chake cha kazi kilikuwa chini ya jengo la Makumbusho ya Chuo Kikuu, na dirisha lake moja lilikuwa juu sana. Darubini iliwekwa kwenye roshani karibu na dirisha hilo ili kupata mwanga, na ilifikiwa kwa ngazi ya kupandia. Mtafiti alipanda akishikilia ngazi kwa mkono mmoja na fuwele kwa mkono wa pili.

Mwaka uo huo, akiwa na miaka 24, aligunduliwa kuwa na baridi yabisi. Maradhi hayo yangemkunja vidole vya mikono na miguu maisha yake yote. Aliolewa na Thomas Hodgkin mwaka wa 1937, akajifungua mtoto wa kwanza mwaka wa 1938, na muda si mrefu viungo vyake vikavimba vibaya. Alipopata nafuu na kurejea kazini alikuta hawezi kuvuta swichi kuu ya mtambo wa eksirei. Hakuomba kubadilishiwa kazi. Alitengenezewa wenzo mrefu wa kuivutia, na akaendelea.

Chuo cha Somerville kilimlipa mshahara wakati wa likizo hiyo ya uzazi, jambo lililokuwa geni Oxford siku zile.

Mmoja wa wanafunzi wake wa mwanzo wa utafiti alikuwa Dennis Riley, aliyekwenda kwake mwaka wa 1936. Kwa kijana wa kiume kutoka chuo chenye jina kubwa, uamuzi wa kufanya utafiti chini ya mwanamke kijana asiye na cheo cha chuo kikuu, isipokuwa nafasi katika chuo kidogo cha wanawake, ulishangaza wengi. Cheo chenyewe kilichelewa. Alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society mwaka wa 1947, lakini kazi rasmi ya kufundisha katika chuo kikuu alikuwa ameipata mwaka mmoja tu kabla ya hapo, yaani 1946. Uprofesa wa utafiti ulikuja 1960. Fedha za vyombo zilitoka kwa wafadhili, hasa Wakfu wa Rockefeller wa Marekani.

Ndani ya chumba hicho ndimo desturi za kundi zilipojengeka. Wanafunzi walimwita Dorothy, bila cheo wala jina la ukoo, katika chuo kikuu ambacho watu walioketi meza moja kwa miaka 20 waliitana kwa majina ya ukoo. Hakuna aliyepewa amri. Mwanafunzi alipewa fuwele na tatizo, akaachwa ahangaike nalo, naye mwalimu akipita alitazama ramani kwa muda mrefu kimya, kisha akaonyesha kwa kidole mahali ambapo huenda atomu ilikuwa imejificha. Mara nyingi alikuwa sahihi.

Penisilini na vitamini nyekundu

Vita Vikuu vya Pili ndivyo vilivyolipa kundi hili kazi ya kwanza kubwa. Oxford ndiko Howard Florey, Ernst Chain na wenzao walikoigeuza penisilini kuwa dawa. Ili kuiunda kiwandani, wanakemia wa Uingereza na Marekani walitaka kujua molekuli yake imeundwaje, na hawakukubaliana.

Dorothy na mwanafunzi wake Barbara Low waliifanya kazi hiyo kwa fuwele za chumvi za penisilini zenye sodiamu, potasiamu na rubidi, wakisaidiana na Charles Bunn na Anne Turner-Jones wa kampuni ya ICI. Sehemu ya hesabu ilifanywa kwa mashine za kadi zilizotobolewa, ambazo kazi yake ya kawaida ilikuwa ni kuhesabu shehena za meli. Kufikia 1945 jibu lilikuwa limepatikana: katikati ya molekuli kuna pete ya atomu nne tu, kaboni tatu na nitrojeni moja, ambayo kemia huiita beta-laktamu. Wanakemia wengi walikuwa wameikataa pete hiyo kwa kudhani haiwezi kudumu. John Cornforth, aliyekuja kushinda Nobel mwaka wa 1975, alikuwa ametamka kwamba ikiwa hiyo ndiyo penisilini basi yeye ataacha kemia akalime uyoga. Hakulima uyoga.

Udhaifu ule wa pete ndio nguvu ya dawa. Hufunguka kwa urahisi na kukwama katika kimeng'enya ambacho bakteria hukihitaji kujengea ukuta wake. Kwa kujua hivyo wanasayansi waliweza kuibakiza pete na kubadilisha sehemu nyingine, na humo zikatoka ampisilini na amoksisilini, dawa ambazo wazazi wengi wa Kenya wamewahi kuandikiwa kwa ajili ya watoto wao.

Mwaka wa 1948 Lester Smith wa kampuni ya Glaxo aliwaletea fuwele za rangi nyekundu iliyoiva. Ilikuwa vitamini B12, tiba ya aina ya upungufu wa damu ambayo hapo awali iliua. Molekuli hiyo ina atomu zaidi ya 90 hata bila kuhesabu zile za hidrojeni, na hakuna mtu aliyekuwa amewahi kutatua kitu kikubwa kiasi hicho kwa njia ya eksirei.

Hapa ndipo tabia ya kundi ilipozaa matunda dhahiri zaidi. Maabara ya Alexander Todd huko Cambridge ilivunja vitamini hiyo kwa kemikali na kupeleka fuwele za kipande kimoja Oxford. Jenny Pickworth, mwanafunzi wa Dorothy, na John Robertson wakakishughulikia. Kijana mmoja Mmarekani, Kenneth Trueblood, alipitia Oxford mwaka wa 1953 akasema ana kompyuta ya kutumia bila malipo jijini Los Angeles. Kuanzia hapo vipimo vilitumwa kwa barua za ndege kutoka Uingereza, hesabu zikafanyika upande wa pili wa dunia, majibu yakarudi kwa posta na kwa simu za maandishi. Miaka mingi kabla ya intaneti, kundi moja la kemia lilikuwa linafanya kazi katika mabara mawili kwa kuaminiana tu. Umbo kamili lilichapishwa mwaka wa 1956. Lawrence Bragg, mmoja wa waasisi wa fani hiyo, aliifananisha kazi hiyo na kuvunja kizuizi cha sauti.

Ni kwa penisilini na B12 ambapo Dorothy Hodgkin alitunukiwa Nobel ya kemia mwaka wa 1964, peke yake bila mshirika. Alikuwa mwanamke wa tatu kuipata katika kemia, baada ya Marie Curie (1911) na Irène Joliot-Curie (1935).

Habari zilimkuta Ghana. Mumewe, mwanahistoria wa Afrika ambaye kitabu chake kuhusu uzalendo katika makoloni kilitoka mwaka wa 1956, aliongoza Taasisi ya Masomo ya Afrika katika Chuo Kikuu cha Ghana wakati wa utawala wa Kwame Nkrumah, naye Dorothy alikuwa akienda Accra mara kwa mara kukaa naye. Watoto wao nao walikuwa wametawanyika: mmoja alifundisha Algiers, binti alifundisha Zambia, na wa tatu alikuwa India. Magazeti kadhaa ya Uingereza yaliona vyema kueleza kwanza kwamba mshindi ni mama wa nyumbani mwenye watoto watatu.

Kwamba mkuu wa maabara aliweza kukaa Accra kwa majuma na kazi isisimame Oxford ni ushahidi mwingine wa jinsi kundi lilivyoendeshwa.

Waliopita mlangoni

Orodha ya waliofanya kazi naye inashangaza kwa wingi wa wanawake na wageni, na hakuna sera iliyoandikwa iliyosababisha hali hiyo. Mlango ulikuwa wazi, na habari zikaenea.

Eleanor Dodson alifika miaka ya 1960 kutoka Australia akiwa na shahada ya kwanza ya hisabati, akaajiriwa kama fundi wa maabara. Aliandika programu za kompyuta za kuchambua vipimo, na jina lake likawekwa katika makala ya 1969 kama la mtafiti mwingine yeyote. Hakuwahi kusomea shahada ya uzamifu. Mwaka wa 2003 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Mumewe, Guy Dodson kutoka New Zealand, alikuwa kati ya nguzo za kazi ya insulini. M. Vijayan alitoka Bangalore, akarudi huko kuanzisha nchini India utafiti wa protini kwa njia hii. Liang Dongcai alitoka Beijing.

Mwaka wa 1953 uvumi ulipofika kwamba Cambridge kuna mfano mpya wa DNA, Dorothy na wenzake wanne waliingia katika magari wakaenda kuuona. Miongoni mwao alikuwa Sydney Brenner, mwanafunzi kutoka Afrika Kusini, ambaye angekuja kupata Nobel yake mwenyewe mwaka wa 2002.

Mwanafunzi aliyekuja kujulikana kuliko wote hakuendelea na kemia. Margaret Roberts wa Somerville alifanya utafiti wake wa mwaka wa nne, 1946 hadi 1947, katika maabara hii juu ya dawa iitwayo gramisidini S, akielekezwa kwa karibu na mkimbizi kutoka Ujerumani, Gerhard Schmidt. Baadaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Margaret Thatcher, Waziri Mkuu wa Uingereza kutoka 1979 hadi 1990. Kisiasa mwalimu na mwanafunzi walikuwa mashariki na magharibi. Hata hivyo, Bi Thatcher aliweka picha ya mwalimu wake katika makazi rasmi ya Downing Street, naye Prof Hodgkin akaitumia nafasi hiyo kumsihi azungumze na Muungano wa Kisovieti kuhusu silaha za nyuklia.

Nyumbani mambo hayakuwa tofauti na maabara. Kwa miaka kadhaa familia yake iliishi nyumba moja kubwa kwenye barabara ya Woodstock pamoja na ya dadake, na wageni kutoka nchi mbalimbali walikuwa wakiingia na kutoka.

Insulini, na gharama ya subira

Fuwele za kwanza za insulini, miligramu kumi, alipewa na Prof Robert Robinson mwaka wa 1934. Mwaka uliofuata, mwendo wa saa nne usiku, alisafisha filamu na kuona madoa madogo yaliyopangika vizuri. Alijua kwamba siku moja umbo hilo lingesomeka. Hakujua kwamba siku hiyo iko mbali hivyo.

Isisahaulike kwamba subira hii ilikuwa na gharama yake, nayo haikulipwa na mkuu wa maabara peke yake. Wanafunzi kadhaa walitumia miaka yao ya uzamifu juu ya insulini wakaondoka bila umbo lolote la kuonyesha. Cambridge, Max Perutz na John Kendrew walitangulia kutatua protini nyingine na wakapewa Nobel mwaka wa 1962. Oxford walikwama kwa sababu ilikuwa vigumu kuingiza atomu nzito katika insulini bila kuivuruga fuwele. Mwalimu mwenye haraka angeliacha tatizo hilo. Mwalimu mwenye choyo angelishikilia peke yake. Prof Hodgkin hakufanya lolote kati ya hayo mawili, na huenda wapo waliotamani angalau afanye la kwanza.

Umbo lilipopatikana lilionyesha kwamba katika fuwele molekuli sita za insulini hukumbatiana kuzunguka atomu mbili za zinki. Lakini ili ifanye kazi mwilini, insulini huhitaji kuwa moja moja. Ndiyo maana dawa iliyodungwa ilichelewa kuanza kazi: ilibidi kwanza zile sita ziachane. Guy na Eleanor Dodson walipohamia Chuo Kikuu cha York waliendelea na suala hilo, na mwaka wa 1988 kundi la York lilishirikiana na kampuni ya Novo ya Denmark kuonyesha kwamba ukibadilisha sehemu chache za molekuli, zile sita haziungani. Insulini za kisasa zinazofanya kazi haraka, ambazo mgonjwa wa kisukari hujidunga anapokaribia kula, zinatokana na wazo hilo.

Beijing, wakati huohuo, wanasayansi wa China walikuwa wametatua insulini kwa juhudi zao wenyewe, katikati ya misukosuko ya Mapinduzi ya Utamaduni na bila mawasiliano na nchi za Magharibi. Mshindani mwingine angenyamaza. Prof Hodgkin alizuru Beijing mwaka wa 1972, akazilinganisha ramani zao na zake, akaona zinakubaliana, kisha akawatangazia wenzake duniani kwamba kazi ya Wachina ni ya hali ya juu. Mwaka wa 1975 aliandika kuihusu katika Nature.

Imani iliyopita kiasi

Moyo huo wa kumwamini kila mtu haukumfikisha pazuri siku zote. Mwaka wa 1953 Marekani ilimnyima viza ya kwenda kwenye mkutano wa Linus Pauling huko California kwa sababu ya vyama vya amani alivyohusiana navyo na siasa za mumewe, na kwa muda mrefu baadaye aliingia nchini humo kwa ruhusa maalumu. Hapo aliyekosea ni serikali. Lakini mwaka wa 1983 kulitoka kwa Kiingereza kitabu cha kemia ya mpira bandia chenye jina la Elena Ceaușescu, mke wa rais wa Romania, na dibaji yake ya kumsifu mwandishi iliandikwa na Dorothy Hodgkin.

Baada ya utawala wa Ceaușescu kuangushwa Desemba 1989 ilidhihirika wazi kwamba mama huyo hakuwa mwanasayansi. Kazi zilizobeba jina lake zilifanywa na wanakemia wa Romania ambao hawakuwa na njia ya kukataa. Mtu aliyekubali kuwa wa nane katika kazi yake mwenyewe aliweka sahihi yake chini ya jina la mtu aliyenyakua kazi za wengine. Wanaomtukuza hupenda kuliruka jambo hili. Halifai kurukwa, kwa sababu lilitoka katika tabia ile ile iliyolijenga kundi lake: hakuwa mtu wa kumdhania mwanakemia mwingine kwamba ni mwongo. Alikuwa rais wa vuguvugu la Pugwash la wanasayansi wanaopinga silaha za nyuklia, kutoka 1976 hadi 1988, na aliamini kwamba mkono ukinyoshwa upande wa pili wa mpaka hautarudi mtupu.

Mwaka wa 1988, akiwa na miaka 78, alishiriki kutoa maelezo marefu na kamili zaidi ya insulini, makala ya kurasa zaidi ya 80 katika jarida la Royal Society. Waandishi walikuwa 13, kutoka Uingereza, New Zealand, Australia, Japani na India. Safari hii majina yalipangwa kwa alfabeti. Lake ni la saba.

Mwaka wa 1993 wataalamu wa fani hiyo walikutana Beijing. Prof Hodgkin hakuwa na uwezo tena wa kutembea na mwili wake ulikuwa dhaifu mno, lakini alisafiri kwa ndege hadi China akiwa katika kiti cha magurudumu ili awaone wenzake. Alifariki nyumbani kwake Ilmington, Julai 29, 1994.